Kupima Kilwa kwa leza

Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani hauna ukuta ulionyooka sawasawa. Sehemu ya kaskazini ilianza kujengwa karne ya 11. Ile kubwa ya kusini iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yule aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331. Baadaye paa liliporomoka, na katika karne ya 15 wakajenga upya kwa nguzo za pembe nane, matao na kuba. Kila kizazi kilipima kwa kamba zake. Ukisimama katikati, safu za nguzo zinafuatana vizuri machoni, lakini ukizipima, kila nguzo imekaa kivyake. Mimi nilisomea upimaji ardhi, nikazoea viwanja na barabara, ambako mstari wa bikoni, yaani alama ya kupimia iliyosimikwa ardhini, hadi bikoni nyingine ni mstari tu. Kilwa ndiko nilikojifunza kupima kitu kisicho na mstari, na kukipima ili kisianguke.

Naandika haya kwa ajili ya vijana wapimaji, na kwa watu wa mambo ya kale ambao siku hizi huletewa mashine hii bila kuambiwa inataka nini kwao.

Kwa asiyewahi kuiona, skana ya leza hukaa juu ya stendi ya miguu mitatu na kujizungusha taratibu, huku kioo kidogo ndani yake kikizunguka kwa kasi na kurusha mwanga juu, chini na pande zote. Mwanga ukigonga jiwe unarudi, na chombo kinakokotoa umbali. Mwanga huenda takriban kilometa 300,000 kwa sekunde. Gawa sekunde hiyo mara bilioni, na katika kipande kimoja mwanga utakuwa umekwenda sentimita 30 tu. Kwenda na kurudi, maana yake ukuta ulio sentimita 15 mbele yako. Kutafuta milimita kwa kuhesabu muda namna hiyo kunataka saa kali mno, ndiyo sababu skana nyingine huliangalia wimbi la mwanga lililotoka na lile lililorudi, zikaona limechelewa kiasi gani. Mashine za sasa hupima nukta milioni moja, hata mbili, kwa sekunde. Kila nukta ina mahali pake na kimo chake, na ina kitu cha tatu ambacho wengi hukipuuza: nguvu ya mwanga uliorudi. Nukta zote kwa pamoja tunaziita wingu la nukta.

Hesabu hizo zimo ndani ya mashine. Kinachomsumbua mpima ni kivuli. Skana haioni nyuma ya nguzo, na ndani ya Msikiti Mkuu kila unaposimama kuna nguzo imeficha kitu. Inabidi uhamishe stendi, upime, uhamishe tena, na kila mahali papya paone sehemu ya kutosha ya mahali pa zamani ili vipande viungane. Tuliweka matufe meupe na mabango ya miraba meusi na meupe ili kompyuta ipate alama za kushika. Mwanzoni tulidhani kazi ni kupima. Jioni, tulipofungua kompyuta na kuona mashimo meusi pale ambapo mwanga haukufika, tukajua kazi kubwa ni kuchagua pa kusimama. Tangu hapo asubuhi ya kwanza ya kila jengo nilikuwa siifungui hata sanduku la mashine. Natembea na karatasi na penseli, naingia kila chumba, nachutama, natazama juu, nachora vivuli kabla havijanikuta.

Songo Mnara, kisiwa jirani, ilinifundisha zaidi. Ule ni mji wa karne ya 14 na 15, nyumba za mawe zimekaribiana, na vyumba vinafuatana ndani kwa ndani: ua ulioshuka kwa ngazi, sebule, chumba, kisha chumba cha nyuma chenye giza. Vyumba ni vyembamba kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko haurefuki kwa matakwa ya mjenzi. Urefu wa boriti ndio uliokuwa upana wa chumba. Boriti zenyewe zimeoza kitambo, lakini matundu yake yamo ukutani, na leza huyachukua yote, kina chake na nafasi kati ya moja na jingine. Vivyo hivyo mashimo ya mviringo ambamo zamani vilipachikwa vibakuli vya kaure ya Kichina. Vibakuli vimeondoka, lakini ukilipima shimo unajua bakuli lilikuwa na upana gani. Nilipenda sana kazi hiyo. Ukiwa umeinama kwenye tundu la boriti ya miaka mia sita unaona alama za mikono ya watu waliojua wanachofanya.

Hatari ya vyumba vya ndani kwa ndani ni kosa linalojikusanya. Ukiunganisha pimo la sebule na la chumba, kisha la chumba na la nyuma yake, kila kiungo kina kasoro ndogo, na ukifika mwisho kasoro zimekuwa kubwa kuliko ufa unaotaka kuupima. Mpima ardhi yeyote anaijua dawa yake: funga mzunguko. Tulitoka nje, tukaizunguka nyumba na kurudi tulipoanzia, na kila palipokuwa na dirisha lililobomoka tuliweka tufe linaloonekana kutoka ndani na nje. Programu za siku hizi zinaunganisha vipande zenyewe na kukupa namba nzuri ya kukufariji. Namba hiyo inakuambia vipande viwili vimekubaliana; haikuambii kwamba nyumba nzima imekaa mahali pake. Pima umbali mmojammoja kwa chombo kingine, ulinganishe.

Ratiba yetu aliipanga nahodha. Kilwa Kisiwani ni kuvuka tu kutoka Kilwa Masoko, lakini Songo Mnara ni safari ya kupita mikokoni, na maji yakipwa unashuka kwenye tope na sanduku la mashine kichwani. Wageni waliokuja na ratiba za ofisini walikasirika siku mbili tatu, kisha wakazoea. Gereza nalo lina saa zake. Ngome hiyo, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1505 na kujengwa upya na Waomani, inasimama pwani kabisa, na mguu wake ndio unaoliwa na bahari. Leza ya skana yetu haisomi chini ya maji. Maji huumeza mwanga au huutupa upande mwingine. Kwa hiyo tulisubiri bamvua, maji yanapopwa mbali, tukapima msingi na fukwe iliyo mbele yake pamoja, kwa sababu mchanga ukiondoka leo, jiwe litafuata kesho. Mpima wa bara anayekuja na kalenda isiyo na mwezi atapoteza nusu ya wiki. Na chumvi! Upepo wa kusi huleta mvuke wa chumvi unaotanda kwenye kioo cha mashine bila kuuona, mpaka jioni unapokuta nukta zimejaa ukungu. Tuliifuta mashine kila tulipohama.

Sasa mimea. Magofu haya yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, yakaondolewa humo mwaka 2014. Moja ya sababu ilikuwa upande wa mashariki wa Husuni Kubwa, ile kasri ya karne ya 14 yenye birika la pembe nane, uliokuwa ukitoweka kidogo kidogo. Iko juu ya jabali, mvua inachimba udongo, na mimea iliyo pembezoni inafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: inazuia udongo usichukuliwe na maji, na inapasua kuta kwa mizizi. Hapo ndipo nilipoanza kuwasikiliza mafundi. Palikuwa na ukuta mmoja ambao mzizi mnene ulikuwa umepenya katikati yake na kufunika karibu yote tuliyotaka kupima. Mimi nikataka uondolewe ili leza ione jiwe. Tulikuwa na fundi wa chokaa, mzee aliyekuwa amefanya kazi kwenye kuta hizo tangu ujana wake.

"Shikamoo fundi. Huu mzizi tunautoa lini?"

"Marahaba mwanangu. Huutoi. Ukiung'oa leo, ukuta unaondoka nao. Sasa hivi mzizi ndio unaoshika mawe."

Akaeleza kwamba mti unakatwa kwanza juu, unaachwa ukauke, mzizi unasinyaa, na nafasi inayofunguka inajazwa chokaa hatua kwa hatua. Basi tukapima ukuta ukiwa na mzizi wake, tukapanga kuupima tena mzizi ukikauka, na mara ya tatu chokaa ikishajazwa. Vipimo hivyo vitatu vina faida kuliko picha moja safi ya ukuta usio na jani, kwa kuwa atakayekuja baadaye ataona nini kiliondolewa na nini kiliongezwa. Jengo la kale likishatengenezwa, tengenezo nalo linageuka kuwa historia, na pasipo kumbukumbu hakuna atakayejua lipi ni la karne ya 14 na lipi ni letu.

Ile nguvu ya mwanga niliyoitaja ndiyo iliyonibadilisha mawazo kabisa kuhusu mashine hii. Skana nyingi hutumia mwanga usioonekana kwa jicho, na baadhi ya aina za mwanga huo hunywewa na maji. Jiwe lenye unyevu hurudisha mwanga hafifu, na katika picha ya leza huonekana jeusi. Kuna ukuta ambao kwa macho ulikuwa wa kijivu, rangi moja juu hadi chini. Kwenye skrini palikuwa na mchirizi mweusi ulioanzia kichwani mwa ukuta na kushuka hadi pale plasta ilipokuwa imefura. Weusi peke yake hautoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa kuvu na hata pembe ya mwanga huweza kuuleta. Tukapanda ngazi kuutazama. Kichwani mwa ukuta chokaa ilikuwa imepasuka na mvua inaingia moja kwa moja. Chini, pale unyevu ulipokuwa ukijaribu kutokea, mtu alikuwa ameweka kiraka cha saruji miaka mingi iliyopita, bila shaka kwa nia njema. Saruji ni ngumu na imeshikana mno. Maji yakiwa nyuma yake hayana pa kutokea, chumvi iliyomo inakauka na kuwa chembe zinazosukuma, na tumbawe, jiwe la kuta hizi, linamung'unyika nyuma ya kiraka ambacho kwa mbele kinaonekana imara. Chokaa hupumua, mafundi husema, na ndivyo ilivyo. Inaruhusu ukuta kukauka, na ikibidi kitu kife, inakufa yenyewe kabla ya jiwe. Ile siku fundi aliacha kuita skana "kamera yenu". Akaanza kuniuliza: "Leza imeonaje huku nyuma?"

Niseme na hili wazi. Watu wengi wanaisifu leza kwa sababu ya majengo yaliyopotea. Kweli, kuna mifano mikubwa. Makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi yalipimwa kwa leza mwaka 2009, na Machi 2010 yakaungua. Kanisa la Notre-Dame la Paris lilipimwa na mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon mwaka 2010, zaidi ya nukta bilioni moja kutoka sehemu zaidi ya hamsini. Aprili 2019 paa likateketea, na vipimo vile vikawa msaada kwa wajenzi. Ben Kacyra, mzaliwa wa Mosul aliyekuwa miongoni mwa waliotengeneza skana za mwanzo, alianzisha CyArk, shirika la kupima urithi kwa leza, mwaka 2003 baada ya sanamu za Buddha za Bamiyan kulipuliwa Afghanistan mwaka 2001. Lakini Kilwa haifi hivyo. Tumbawe haliungui kwa usiku mmoja. Linaondoka milimita kwa milimita, mwaka hadi mwaka, na mlinzi anayelipita kila siku hawezi kuona. Kwa majengo ya namna hii, kipimo cha kwanza ni mwanzo tu wa kazi. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulioasisiwa na Heinz Rüther, ulishapima Kilwa na Songo Mnara kwa leza, pamoja na Great Zimbabwe na makanisa ya Lalibela. Nauheshimu sana kwa sababu umetupa msingi wa kulinganishia. Ila ulinganisho unataka mtu arudi.

Na kurudi kuna masharti. Ukipima ukuta mwaka huu na ukaupima tena baada ya miaka mitano, kompyuta itaweka mawingu mawili pamoja na kupaka rangi pale yanapotofautiana. Picha inapendeza mno, na hapo ndipo watu wanapopotea. Ikiwa vipimo vyako vina shaka ya milimita 5, huna haki ya kumwambia mtu ukuta umesogea milimita 3. Na ikiwa umeyaunganisha mawingu mawili kwa kutumia ukuta wenyewe, programu italazimisha ukuta ulale juu ya ukuta, na mwendo unaoutafuta utafichwa na hesabu. Unahitaji alama ambazo hazikusogea, zilizo mbali na jengo. Kisiwani hilo si jambo dogo. Mchanga unahama na udongo wa juu ya jabali unateleza. Tulitafuta mwamba wa matumbawe uliojitokeza, mbali na ukingo, tukatoboa na kuweka bikoni za chuma kisichoshika kutu, fupi, zisizomkwaza mtu wala kumvutia anayetafuta chuma cha kuuza. Kila bikoni tuliandika kwa maneno jinsi ya kuifikia: kutoka mlango fulani, hatua kuelekea mbuyu fulani. Nakubali kwamba hii ndiyo sehemu isiyo na mvuto wa picha. Kama mradi wako hauna fedha ya bikoni, punguza idadi ya vyumba, usipunguze bikoni.

Kisiwani wanaishi watu, na magofu yako katikati ya maisha yao. Kabla ya yote tulikwenda serikali ya kijiji, tukaketi na wazee, tukaonyesha mashine na kueleza mwanga wake. Waliuliza maswali ya maana: je, inaona ndani ya nyumba zetu? Inaona, mlango ukiwa wazi na mashine ikiwa mbele yake. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba nukta zote za nyumba za watu na nyua zao zifutwe kabla faili halijakwenda popote. Msikitini tulivua viatu, ingawa hauna paa sehemu kubwa. Ni msikiti bado. Kwenye makaburi tulipima baada ya kuombewa ruhusa, na wazee wengine walipenda kuwepo. Nao ndio waliotupa majina. Kwenye kompyuta, kipande kikiitwa "skani namba 47" hakuna atakayekikumbuka. Kikiitwa Makutani, au Msikiti wa Malindi, au Husuni Ndogo, hata mtoto wa shule ya kisiwani anajua pa kwenda. Mzee mmoja alitupeleka mahali penye vichaka akasema utotoni mwake ukuta ulikuwa unafika hapa, kimo cha mtu mzima. Leza ilionyesha tuta dogo tu la mawe. Tukaandika maneno yake na kuyafunga pamoja na faili, kwa tarehe.

Faili ndilo linalonikosesha usingizi kuliko kitu kingine. Kazi ya msimu mmoja hujaza mamia ya gigabaiti, na ofisi yenye kompyuta moja ya kuandikia barua haiwezi kuyafungua. Nimeona diski iliyokabidhiwa kwa hotuba na picha ikakaa kabatini, katika joto na unyevu wa pwani, hadi ikagoma kusoma. Nimeona pia faili zilizohifadhiwa kwa muundo wa kampuni moja, programu ikabadilika, na mwenye urithi akaambiwa alipie leseni ili aone ukuta wake. Si haki. Vipimo vya Kilwa ni vya watu wa Kilwa na wa Tanzania kabla havijawa vya mtu mwingine. Tulipopata nafasi ya kuweka masharti tulidai muundo ulio wazi wa E57, nakala zaidi ya mbili, mojawapo mbali na bahari, na kijana mmoja wa hapahapa afundishwe kuzifungua na kuzihamisha kila vifaa vinapozeeka. Lile sharti la kijana ndilo linalopuuzwa zaidi, na ndilo muhimu kuliko yote. Mafunzo ya siku chache yenye cheti hayatoshi. Akae na kazi msimu mzima, achague pa kusimama, akosolewe, arudie.

Mafundi hawakutaka skrini. Walitaka karatasi. Tuliwachapishia kila ukuta kwa uwiano halisi, jiwe kwa jiwe, karatasi kubwa za kutandika chini, na fundi wetu mzee akapiga magoti juu yake na penseli. Alizungushia mawe yanayopaswa kuguswa kwanza, akaandika pembeni kiasi cha chokaa ya kuzima mapema ili iive, akafuta sehemu mbili tulizodhani ni ufa, akasema ni kiungo cha wajenzi wenyewe, waliposimamisha kazi na kuanza tena. Tuliporudi ukutani tukaona kasema kweli. Karatasi hizo tumezipiga skani nazo, pamoja na mwandiko wake.

Kwa sasa kazi iliyobaki inajulikana. Masika yakiisha na ardhi ikakauka, sehemu tatu zipimwe tena kutoka bikoni zilezile: matao ya kusini ya Msikiti Mkuu, mguu wa Gereza wakati wa bamvua, na ukingo wa Husuni Kubwa upande wa jabali. Wengine wakitaka kupima zaidi, karibuni, ila hizo tatu zisikosekane.